Mlitia Sahihi, Mkafumba Macho

Sikilizeni, enyi askari wa magereza, na ninyi wakuu wa magereza, na ninyi mnaolipwa kwenda kuwafundisha. Mmekabidhiwa watu. Hamkukabidhiwa miili yao. Mahakama ilipomhukumu yule mwanamke kifungo cha miaka mitatu, ilimnyang'anya uhuru wa kutoka na kuingia, basi. Hakimu hakuandika popote kwamba afande wa zamu ya usiku atakuwa na haki juu yake. Adhabu hiyo mmeiongeza ninyi.

Wala msiniambie kwamba hamkujua. Laiti lingekuwa suala la kutojua, dawa yake ingekuwa nyepesi: tungewaita darasani, tungewasomea sheria, mngetoka mmeelimika. Lakini mliitwa. Mlisomewa. Mlitia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, mkapokea posho, mkapiga picha ya pamoja mbele ya bango la semina. Kisha mkarudi kituoni, na yule mwenzenu ambaye nyote mnamjua, yule anayeomba kila mara apangiwe upande wa wanawake, akaendelea kuomba na akaendelea kupangiwa.

Mwenye kutenda nitamkemea, na adhabu yake imekwisha kuandikwa katika sheria. Ila hasira yangu kubwa ni juu ya walio wengi kuliko yeye: wenye vyeti, wenye ndoa zao, wenye kusali na kufunga, ambao hawajamgusa mfungwa hata siku moja na ambao hawajawahi kufungua mdomo.

Lipo gereza moja Marekani ambalo lingefaa kuwa somo la kwanza katika kila chuo cha magereza duniani. Lilikuwa katika mji wa Dublin, jimbo la California, mashariki mwa San Francisco, gereza la wanawake la serikali kuu. Mwaka 1995 wanawake watatu waliokuwa wamefungwa pale waliwekwa katika kitengo cha gereza la wanaume lililokuwa jirani. Walieleza mahakamani kwamba askari walipokea pesa kutoka kwa wafungwa wa kiume na kuwafungulia milango ya seli zao usiku. Mwaka 1998 serikali ilikubali kuwalipa dola 500,000, na katika makubaliano yale yale ikaahidi kuwafundisha watumishi wake na kuweka njia ya siri ya kupeleka malalamiko. Kumbukeni mwaka huo, 1998, na kumbukeni ahadi hiyo ya mafunzo.

Mwaka 2003 Bunge la Marekani lilipitisha, bila kura ya kupinga, sheria ya kutokomeza ubakaji magerezani, na Rais George W. Bush akaitia sahihi. Mwaka 2012 Wizara ya Sheria ikatoa kanuni za kuitekeleza. Kanuni hizo haziachi mwanya. Kila mtumishi anayekutana na wafungwa lazima afundishwe kwamba unyanyasaji wa kingono hauvumiliwi hata kidogo. Afundishwe dalili zake, namna ya kuripoti, haki ya mfungwa na ya mtumishi ya kutolipiziwa kisasi, na jinsi ya kujiepusha na uhusiano usiofaa na mfungwa. Mafunzo yarudiwe kila baada ya miaka miwili. Na kila aliyefundishwa athibitishe, kwa sahihi yake, kwamba ameelewa.

Sasa sikieni aliyekuwa akiyaongoza mafunzo hayo pale Dublin. Alikuwa Ray Garcia, naibu mkuu wa gereza, ambaye baadaye, mwaka 2020, alipandishwa cheo akawa mkuu wa gereza. Yeye ndiye aliyewafundisha watumishi na wafungwa jinsi ya kuripoti unyanyasaji. Na ndiye, kama mahakama ilivyothibitisha, aliyekuwa akiwanyanyasa wanawake hao hao. Alipofanya ukaguzi aliwaamuru wavue nguo, na picha zao za utupu zilikutwa kwenye simu yake ya kazi. Mmoja wao alieleza kwamba Garcia alijigamba kuwa hawezi kufukuzwa, maana anayechunguza makosa ya watumishi ni rafiki yake. Fisi alikuwa amepewa bucha, kisha akapewa na kazi ya kuwafundisha wengine namna ya kulinda nyama.

Desemba 2022 alitiwa hatiani, na Machi 2023 akahukumiwa kifungo cha miezi 70. Hakuwa peke yake. Watumishi wasiopungua saba wa gereza lile walitiwa hatiani, na miongoni mwao alikuwamo mchungaji aliyeajiriwa kuwahudumia wafungwa kiroho, aliyefungwa miaka 7. Mwanamke aliyekwenda kwake kutafuta faraja ya Mungu alikuta mlango umefungwa nyuma yake.

Haya yote ni maovu. Lakini liko jambo moja dogo ambalo mimi limeninyima usingizi kuliko hayo yote: gereza lile lilikuwa na jina la utani. Wafungwa na watumishi waliliita klabu ya ubakaji. Tafakarini maana yake. Jina la utani halizuki kwa siri ya mtu mmoja. Ili jina lishike, lazima litamkwe chumba cha chakula, litamkwe wakati wa kupokezana zamu, mtu acheke, mwingine aitikie, mgeni aliyehamia aelezwe. Watumishi waliolitamka ndio wale wale ambao kanuni ziliwataka wafundishwe yote hayo. Ndio wale wale waliotakiwa kuthibitisha, kwa sahihi zao, kwamba wameelewa.

Na mwisho wake? Aprili 2024 serikali ililifunga gereza lile kwa haraka, na wanawake wakapakiwa kwenye mabasi na kutawanywa katika magereza ya mbali, wengine mbali na watoto wao. Desemba mwaka huo serikali ikakubali kuwalipa wanawake 103 fidia ya karibu dola milioni 116. Ilianza na nusu milioni na ahadi ya mafunzo, ikaishia hapo. Wala msidhani Dublin lilikuwa gereza moja lililooza kati ya mazima. Kamati ndogo ya Baraza la Seneti ilichunguza, na mwishoni mwa 2022 ikasema kwamba katika muda wa miaka kumi hivi, watumishi waliwanyanyasa kingono wafungwa wa kike katika angalau theluthi mbili ya magereza ya serikali kuu yaliyowahi kuwaweka wanawake.

Nasikia mnanong'ona: hiyo ni Marekani, sisi tuna maadili yetu. Maadili gani? Kama maadili yangetosha, wabunge wetu wasingehangaika kuyaandikia sheria. Kenya, katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 24, inamtaja kwa cheo chake mkuu wa jela na afisa wa kusimamia sheria: akitumia nafasi yake kumshawishi aliye kizuizini alale naye, hata kama hakutumia nguvu, kifungo chake hakipungui miaka 10. Tanzania, tangu marekebisho ya mwaka 1998, Kanuni ya Adhabu katika kifungu cha 130 inamtaja mtumishi wa mahali pa kizuizi anayetumia nafasi yake kumbaka mwanamke aliye chini ya ulinzi wake. Na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamtaja mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe haki au upendeleo. Watunga sheria hawa hawakuwa wakiota. Waliandika kwa sababu walijua mnachokifanya.

Tena mna kanuni za dunia nzima, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa. Kanuni za Mandela za mwaka 2015, kanuni ya 81, zinasema wafungwa wanawake wasimamiwe na watumishi wanawake, na mwanamume asiingie sehemu yao asipofuatana na mtumishi wa kike. Kanuni za Bangkok za mwaka 2010 zinadai kuwe na sera iliyo wazi ya kuwakinga dhidi ya unyanyasaji, na kwamba mwanamke anayelalamika apewe ulinzi mara moja. Hakuna kilicho kigumu humo. Kuruta anayeweza kukariri hatua za kwata katika vyuo vya magereza vya Ruiru au Kiwira anaweza kukariri kanuni ya 81.

Lakini mna jibu lenu la siku zote, nami nataka kulivunja hapa. Mnasema: alikubali. Alitaka mwenyewe. Alinichekea.

Hebu nikuulize, afande. Sabuni ya mfungwa huyo iko mikononi mwa nani? Pedi zake? Dawa zake za kila siku, na ruhusa ya kumwona mganga? Barua ya mama yake inapitia kwa nani kabla hajaisoma? Nani anaamua leo afanye kazi jikoni, penye joto na ukoko wa ugali, au shambani chini ya jua? Nani anaandika ripoti ya tabia yake, ile itakayotazamwa msamaha unapokuja? Mtoto wake akiletwa siku ya kutembelewa, baada ya kusafiri usiku kucha na bibi yake, nani anaweza kusema muda umekwisha? Yote hayo uko nayo wewe, pamoja na ufunguo wa mlango anaolala nyuma yake. Kisha unasimama mbele yetu na kusema alikubali. Alikuwa na njia gani ya kukataa ambayo isingemgharimu?

Kisa cha Yusufu mmekisikia, mwislamu msikitini na mkristo kanisani. Alikuwa mtumwa katika nyumba ya mkubwa. Mke wa mkubwa akamtaka, akakataa, na kukataa kwake kukampeleka gerezani. Mnapenda kukihubiri kisa hiki kama sifa ya kijana mcha Mungu, na ndivyo kilivyo. Lakini kinasema pia yanayompata mtu wa chini anapomkatalia mwenye mamlaka: neno la mkubwa linachukuliwa, la mtumwa linatupwa, na mlango unafungwa. Mfungwa wenu huyu yumo gerezani tayari. Akikataa, mtampeleka wapi? Kuna seli ya upweke. Kuna uhamisho kwenda gereza la mbali. Kuna msako wa ghafla, na kitu kisicho chake kukutwa chini ya godoro lake. Pale Dublin wanawake waliotoa malalamiko walijikuta kwenye seli za adhabu, wakiambiwa ni kwa usalama wao. Hivyo basi waliobaki wakajifunza kunyamaza, na kimya chao mkakiita ridhaa.

Msidhani nasema juu ya wanaume na wanawake peke yao. Uchunguzi wa Marekani uliowauliza wafungwa wenyewe ulionyesha wanaume wengi walioguswa na watumishi, na mara nyingi mtumishi huyo alikuwa mwanamke. Mfungwa wa kiume aliyefanyiwa hivyo anachekwa, au anapongezwa, na mahabusu kijana anaambiwa amepata bahati. Hakuna bahati hapo. Ufunguo ni ule ule, na aliyeushika ni yule yule mwenye kuamua atakula nini.

Sasa nigeukie mafunzo yenyewe, maana huko ndiko mnakojificha.

Mwaka 1981 Bud Allen na Diana Bosta walichapisha kitabu ambacho vizazi vya askari jela wa Marekani vilifundishwa kwacho. Ujumbe wake ni kwamba mfungwa ni mjanja, anakusoma, anatafuta udhaifu wako, atakunasa. Fundisho hilo lina ukweli wake, sikatai. Wako wafungwa hodari wa kumzunguka askari mpaka amletee simu na bangi. Lakini angalieni linachokifanya katika jambo hili. Linamgeuza askari kuwa windo na mfungwa kuwa mwindaji. Askari aliyefundishwa hivyo akimwangukia mwanamke aliye chini ya ulinzi wake, tayari ana maneno ya kujitetea: alinitega. Na wenzake wanamhurumia! Na hapa kwetu pia nimesikia lugha hiyo hiyo, kwamba wafungwa wa kike ni hatari, wana vishawishi, askari ajichunge. Ajichunge na nini? Na mtu asiye hata na uwezo wa kufunga mlango wa choo chake?

Mafunzo ya kweli yangeanza na mkono wa askari mwenyewe. Yangemweleza jinsi jambo hili linavyoanza, maana haliendi kwa kishindo. Linaanza kwa kipande cha sabuni ya ziada. Anaitwa kwa jina lake la nyumbani badala ya namba. Afande anamsimulia matatizo ya ndoa yake, na mwanamke, kwa kuwa ni binadamu, anasikiliza. Barua inapelekwa bila kupita ofisini. Kisha maneno haya mawili: usimwambie mtu. Hapo ndipo mtego umefungwa, na aliyeufunga ni mwenye sare. Kila askari aliyekaa kazini miaka mitano anazijua hatua hizi, ameziona kwa mwenzake. Lakini semina zenu hazizitaji. Zinasoma vifungu vya sheria kutoka ukutani mpaka saa ya chai.

Na yangemfundisha jambo gumu kuliko yote, ambalo sijaona likifundishwa popote kwa dhati: namna ya kumshtaki rafiki. Mliapa pamoja, mlilala bweni moja mkiwa makuruta, nyumba zenu za kambi zinashiriki ukuta mmoja, watoto wenu wanacheza pamoja. Najua maisha yenu ni magumu, mishahara ni midogo na familia nzima inajibana katika chumba kimoja. Najua pia anayesema huitwa mnoko, huambiwa anawachomea wenzake utambi, na akipata shida kwenye zamu hakuna atakayemkimbilia. Hofu hiyo ni ya kweli. Basi kwa nini mafunzo yenu hayaigusi? Kwa nini askari anarudi kutoka semina akiwa hajui hata namba moja ya mtu wa nje ya gereza anayeweza kumpigia, mtu asiyekula meza moja na mkuu wake? Mnamfundisha kuripoti kwa mkubwa wake. Na Dublin mkubwa wake alikuwa Garcia.

Enyi wakuu, hapa nawageukia ninyi. Lalamiko likifika mezani, jambo la kwanza mnalolifikiria ni jina la jeshi. Mtuhumiwa anapewa uhamisho. Anafika kituo kipya, cheo chake kile kile, sare ile ile, na kule wako wanawake wasiomjua. Mnaita hatua ya kinidhamu. Mimi naita kumsafirishia mawindo. Na aliyelalamika mnamwita, mnamketisha mbele ya maafisa watano waliovaa sare, mnamwuliza kama ana ushahidi. Ushahidi! Mtu asiyeruhusiwa hata kuwa na kalamu. Ninyi ndio wenye daftari la zamu, ninyi ndio mnaojua nani alikuwa na funguo usiku ule na mlango upi ulifunguliwa saa ngapi. Kama daftari hilo halikuandikwa, nalo ni jibu.

Na ninyi waandaaji wa semina, mnaoandika kwenye taarifa kwamba askari wengi wamefikiwa: mmefikia nini? Mmeshawahi kumleta mwanamke aliyetoka kifungoni, akakaa mbele ya maafande akawaeleza saa za usiku zilivyokuwa? Mmeshawahi kumtaka mkuu wa gereza akae darasani mwanzo mpaka mwisho, asije kufungua na kuondoka? Mmeshamnyima yeyote cheti? Mafunzo ambayo hakuna anayeweza kuyafeli hayamfundishi mtu. Mwenye kushindwa kueleza atafanya nini akimwona mwenzake akitoka stoo na mfungwa saa nne usiku asikabidhiwe funguo za upande ule, hata kama ana miaka ishirini kazini.

Nasi tulio nje, raia wenzangu, hatujasalimika. Mtu akifungwa tunafanya mzaha juu ya yatakayompata ndani. Tunasema amejitakia. Tunacheka. Mzaha ule unasikika hadi ndani ya kuta, na askari anayeusikia anaelewa kwamba hakuna atakayemwuliza. Mahabusu wengi waliomo humo hawajahukumiwa hata kosa moja. Wanasubiri kesi, na wengine wamekosa tu mtu wa kuwadhamini. Kesho ni dada yako, kwa ugomvi wa kiwanja au deni la kikundi.

Basi agizo langu ni hili, na siliombi. Mkuu wa gereza, kabla hujaitisha semina nyingine, toa daftari la malalamiko la miaka mitano iliyopita. Soma jina kwa jina. Pale palipoandikwa uhamisho, tafuta alikohamishiwa, na uulize nani yuko chini ya ulinzi wake leo. Peleka faili kwa mwendesha mashtaka. Mwondoe mwanamume kwenye zamu ya wanawake asubuhi hii, usisubiri waraka. Na wewe afande uliyeona ukanyamaza, unayejua jina, tarehe na mlango, nenda ukaandike maelezo yako wewe mwenyewe, kwa sahihi ile ile uliyotia kwenye karatasi ya mahudhurio.